Kungoja kwa Jina

Jumatatu, 24 Aprili

Vumbi tangu alfajiri. Mto Nazas hauna tone, na upepo unauchota wote na kuja kuumwaga juu ya meza yangu. Nafuta skrini, nikigeuka tena naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole.

Mkurugenzi wa maabara kashuka chumba cha seva. Yeye mwenyewe! Na viatu vile! Anataka raundi hii iende upesi, majibu yote yatoke kabla ya Mei kumi, Siku ya Mama. Kina mama wa waliopotea wataandamana kama kila mwaka, wataishia getini kwetu, na safari hii anataka awe na la kuwaambia kwenye kipaza sauti. Leobardo — bosi wangu, aliyenifundisha karibu kila nikijuacho kuhusu mashine hizi — akamjibu hakuna shida Mkurugenzi, tutaachia vipande vyote kwa mkupuo. Nikamkanyaga mguu. Akausogeza.

Jamani. Mifupa yote ya maiti wasiojulikana iliyoko ghalani imeshasomwa vinasaba, ikageuzwa tarakimu. Mate ya familia nayo tarakimu. Skripti ya Leobardo inaikata ile mifupa vipande vipande, kila kipande kinapewa kazi yake, na kila kazi inatumwa nyuma ikahangaike peke yake kulinganisha mifupa na familia, huku nyingine nazo zinaendelea. Siku zote zilikwenda nne nne. Zikimaliza, zinafuata nne nyingine. Sasa zote pamoja? Seva ni ileile, kumbukumbu ileile. Punda mmoja, mizigo ya soko zima. Nimesema. Nani kasikia?

Mchana nikatoka getini kwa Mama Wences kununua gordita, kile kimkate kinene cha mahindi. Ya maharage na pilipili, ameikaanga mpaka ukingo unalia mdomoni. Kina mama hawa hakuna anayewaita kwa majina yao hapa. Mama Wences, Mama Dulce, Mama Toño. Wences wake alikwenda Monclova kumchukulia tajiri wake lori, kabla ya korona. Hakurudi yeye, halikurudi lori. Mama akahamishia jiko lake hapa nje kwetu, akageuza ndoo, akaikalia.

Akaniuliza, raundi hii naye yumo? Nikasema wote wamo, Mama.

"Basi nitaisubiri mashine yenu iseme. Wenzangu wananivuta twende jangwani. Kuna mtu kapiga simu, hakutaja jina, kataja mahali. Nimewaambia kwanza mashine. Ikisema hayumo humu ndani, nachukua nondo yangu."

Nondo yake naijua, inalala pale kando ya jiko. Wanaipigilia ardhini, wanaichomoa, wananusa ncha kama ina harufu ya maiti. Ya kwake imevishwa mpira wa buluu wa usukani wa baiskeli, ile baiskeli ya Wences ya utotoni, ili isimchubue kiganja. Na mahali hapo walipotajiwa napo napajua kwa sifa. Mwaka jana kina mama wa kundi jingine walifyatuliwa risasi hukohuko. Si pa kwenda! Nimemwambia. Akanipa chenji.


Jumanne, 25 Aprili

Imekwisha! Kabla ya chai ya saa nne! Mimi nilitegemea Alhamisi au Ijumaa.

Leobardo alikuwa anacheza dansi katikati ya viti. Unaona, Oti? Unaona ulivyo mwoga? Skrini imeandika IMEKAMILIKA, HAKUNA HITILAFU, kwa herufi kubwa alizoziweka mwenyewe. Mkurugenzi kaagiza keki. Keki!

Waliolingana na familia zao ni wachache. Wachache kuliko raundi yoyote ninayoikumbuka. Leobardo anasema ndivyo inavyokuwa, wale rahisi tumeshawapata zamani, waliobaki ni wagumu. Inawezekana. Nimekula keki.


Jumatano, 26 Aprili

Majibu yameanza kutolewa dirishani. Mama Wences alivua aproni kwanza, akajifuta mikono, akajipanga mstari na wengine. Mle dirishani wanamjua, wameshakula gordita zake miaka, lakini kila mara husema jina zima, kila silabi: "Namfuata Wenceslao Rentería Murillo." Kana kwamba asipolitaja lote watampa wa mtu mwingine.

Wakampa barua: hakuna ulinganifu.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Akarudi kwenye jiko, akageuza gordita zilizokuwa zinaungua. Akaniambia, "Ninyi mna mashine, mimi nina pua. Jumamosi tunakwenda."


Alhamisi, 27 Aprili

Leo tumecheka mpaka mbavu zikauma. Na bado naona haya.

Yuridia, mkemia mpya, ni mtu wa kutoamini kitu. Alipokuja mwezi uliopita aliuliza, tunajuaje kwamba mashine inaona? Mnaipima na nini? Tukatazamana. Basi akaleta jino lake la mwisho alilong'olewa, akalisaga na kulipeleka pamoja na mifupa kama mfupa wa mtu asiyejulikana. Na mate ya mama yake mzazi akayaweka kwenye familia. Asimwambie mtu mwingine ila mimi na Leobardo. Raundi ikiisha, jino sharti limpate mama yake. Lisipompata, basi mashine haioni.

Leo kaja na karatasi, uso umemnywea. Jino halijampata mama.

"Hee! Yuridia hana mama!" Leobardo ndiye aliyeanza. Wa ghalani wakadakia: umeokotwa, bibi! Umeokotwa Soko la Alianza, katikati ya mapapai! Mpigie mama yako, mwambie tunajua! Yuridia naye akacheka, anasema sasa naelewa kwa nini ndugu zangu wote ni weupe. Akampigia kweli, kwa spika, na mama yake akatutukana wote kwa zamu. Nilicheka nikashika meza.

Kisha nikamwangalia Leobardo. Alikuwa ameacha kucheka kabla ya sisi wote. Alikuwa anaitazama sakafu.

Mimi pia nikaacha.


Ijumaa, 28 Aprili

Nimeifungua skripti yake. Miaka yote hii nimeiendesha, sijawahi kuisoma mpaka mwisho. Nani husoma kitu kinachofanya kazi?

Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Programu inayowatuma wengine tunaiita mzazi. Kazi inazozituma nyuma ni watoto. Si mimi niliyewapa majina hayo, nimeyakuta. Mzazi akifa kabla ya mtoto, mtoto ni yatima, anachukuliwa na namba moja, yule mkubwa wa mfumo. Mtoto akifa na mzazi wake hajauliza kafaje, haondoki. Anabaki amesimama kati ya walio hai, hali, hafanyi kazi, haitiki. Msukule. Nimewahi kuyafundisha haya chuoni, tena kwa vichekesho, na wanafunzi walipenda sana lile la msukule.

Kila mtoto akiondoka huacha namba. Sifuri, amemaliza salama. Namba nyingine yoyote, kuna jambo.

Leobardo anawatuma wote nyuma, kisha mstari unaofuata una neno moja: wait. Ngoja. Peke yake. Hapo ndipo alipokaa shetani. Ukiiambia mashine ngoja, bila kuitajia inamngoja nani, itangoja mpaka wote waishe — kwa uzima au kwa kifo, kwake ni mamoja — kisha inakurudishia sifuri. Salama! Kila mara salama! Wafe wote, ni salama. Ukitaka ukweli inabidi umtaje kila mtoto kwa namba yake, mmoja mmoja. Ngoja huyu. Haya, sasa ngoja huyu. Hapo ndipo inakwambia yupi kafa na kafaje.

Na kazi isiyoona ulinganifu haiandiki kitu. Na kazi iliyokufa njiani haiandiki kitu. Kimya na kimya, na sisi tunachapa barua. Kimya kingi kina mshindo — huu hapa mshindo wake.

Nikachungulia kumbukumbu za mfumo wenyewe. Jumatatu jioni seva iliishiwa nafasi, ikaanza kuwaua watoto ili ipate pumzi. Ikaua, ikaua. Ndiyo maana ilimaliza mapema! Na sisi tukakata keki.

Nikamwita Leobardo. Sikupiga kelele. Nikamwonyesha lile neno kwa kalamu. Hakuuliza maana yake.

Akasema, "Tangu lini umejua?"

"Leo. Sasa hivi."

Akakaa. Akasema yeye tangu Februari. Raundi ya Februari ilikuwa nne nne bado, ila familia zilishaongezeka, mashine ikazidiwa, mtoto mmoja akafa. Alidhani ni mmoja tu. Alisema ataitengeneza wiki ijayo. Halafu wiki ijayo. Halafu kila akifikiria kwamba barua zimeshatoka, mkono unakuwa mzito. "Baada ya tarehe kumi, Oti. Nakuomba. Baada ya tarehe kumi tunairudia yote kimyakimya, kama raundi mpya. Usiiguse kabla."

Huyu ndiye aliyenisimamia nikapata kazi hii. Mkewe alikaa na mimi hospitali nilipomzaa Abril. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumfunika blanketi.

Nikamuuliza, na Mama Wences? Kesho anakwenda jangwani kwa barua yetu.

Akachukua funguo zake, akatoka.


Jumamosi, 29 Aprili

Getini hakuna jiko. Ndoo imefungwa mnyororo kwenye uzio.

Ningeweza kumtafuta yeye peke yake kwenye mashine? Siwezi! Chini kwetu familia hazina majina, ni namba zilizofungwa. Ni mkemia tu anayefungua, na ni pale ulinganifu unapotokea. Mama Wences kwangu mimi ni mmoja wa hao, na simjui yupi. Ili nimpate yeye lazima niwatafute wote. Na vipande vipi vilikufa? Namba zao tulizitupa.

Nimeingia kwa kompyuta ya nyumbani. Nimeiandika upya. Wachache kwa wakati mmoja, na kila mtoto anangojewa kwa namba yake, na akifa anatajwa. Itachukua karibu wiki. Nimeiachia nyuma, nikaitenga na mimi, ili hata nikitoka isife. Nimeifanya yatima kwa makusudi. Namba moja ataitunza.

Abril kaniuliza kwa nini nalia kwenye kompyuta, mchezo umenishinda?


Jumanne, 2 Mei

Ameiua.

Jana sikukuu, leo nafika, natazama, hamna. Imeuawa saa moja asubuhi kwa mkono wa mtu. Nikaingia ofisini kwa Leobardo bila kubisha hodi. Alikuwa na kikombe mkononi. Seva ilikuwa nzito, anasema, Mkurugenzi alikuwa anatengeneza picha zake za hotuba, akalalamika. Hakujua ni ya nani. — Hakujua! Na jina langu limeandikwa kando yake!

Mama Wences amerudi. Uso umeungua, midomo imepasuka, viganja viwili malengelenge licha ya ule mpira wa buluu. Hawakupata kitu. Ila kuna gari lilikuja, vijana wanne, wakawaambia kwa adabu kabisa: kina mama, leo tumewaambia kwa mdomo.

"Walituita kina mama," akasema. "Unaona, wana mama zao hao." Akacheka, mdomo ukatoa damu.

Nikamuuliza na mtarudi? Akaniangalia kama nimeuliza kama jua litachomoza. Tarehe tisa. Ili tarehe kumi wasije na mikono mitupu.


Jumatano, 3 Mei

Leo sikukuu ya Msalaba. Mafundi wa jengo la jirani wamepandisha msalaba wa maua juu ya nguzo, wanalipua fataki, nyama inachomwa. Kila fataki ikilia Leobardo anashtuka.

Nimemwambia hivi: naiwasha tena leo. Ukiiua, napanda ghorofani kwa Mkurugenzi na kalamu yangu, namwonyesha lile neno. Kisha natoka getini nawaonyesha wao.

Akasema nitamfunga jela.

Nikasema sijui. Labda.

Akasema ana miaka michache tu astaafu, akasema Februari alikuwa na mkewe mgonjwa, akasema mengi. Kisha akasogeza kiti, akanipisha kwenye kibodi yake. Akasema tumia akaunti yangu, ya kwangu hakuna mwenye ruhusa ya kuiua. Tuliiwasha pamoja. Alinisahihisha kosa moja — mabano. Bado ni fundi, shetani huyu.


Jumatatu, 8 Mei

Bado inakwenda. Kila mtoto akimaliza napata meseji. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mmoja kafa Ijumaa, ikamtaja, nikamrudisha peke yake, akamaliza. Hivi tu! Jambo dogo hivi!

Mchana nilikwenda getini. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nimwambie nini? Kwamba barua ile ni ya uongo? Ndiyo, ni ya uongo — lakini simaanishi kwamba Wences yumo. Labda hayumo kweli. Nimtie tumaini, kesho nimpokonye tena? Mara ngapi mtu anaweza kuambiwa hayumo?

Basi nikasema la kijinga. "Mama, kesho msiende. Ngojeni kidogo."

Aliacha kukanda. "Tunangoja nini?"

"Ngojeni tu. Siku mbili tatu."

"Mwanangu, neno hilo usiniambie. Polisi ngoja. Kasisi ngoja. Wewe ngoja. Nikikuuliza namngoja nani, utaniambia?"

Na nilijua! Nilikuwa na meseji mfukoni! Ningesema, mama, mashine ilikufa na hatukuwaambia. Sentensi fupi. Haikutoka. Nilimfikiria Leobardo, nilimfikiria Abril na ada ya shule, nilifikiria kila kitu isipokuwa lile gari la wale vijana wenye adabu.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema, bila hasira. Akanifungia gordita ambayo sikuagiza.


Jumanne, 9 Mei

Yumo.

Imemaliza saa tano asubuhi. Watoto wote sifuri, mmoja mmoja kwa namba yake. Jino la Yuridia limempata mama — tukatazamana naye, hakuna aliyecheka. Na baada ya jino wengine. Wengi. Yuridia anafungua namba moja moja, anasoma majina kwa sauti ileile, na Leobardo amesimama ukutani kama mtoto aliyetolewa nje ya darasa.

"Rentería Murillo, Wenceslao."

Nikasema rudia. Akarudia.

Yuko ghalani. Aliletwa mwaka uleule aliopotea, kutoka kando ya barabara ya Monclova, hata mbali hakufika; zamu ya mifupa yake kusomwa ilifika mwaka huu tu. Ghala na geti vimetenganishwa na uwanja wa magari tu. Miaka yote mama yake anakaanga gordita, mwanawe yuko ndani ya sanduku, upande wa pili wa ukuta, na harufu inamfikia.

Nilikimbia. Nilikimbia kweli, na viatu mkononi. Ndoo imefungwa mnyororo. Mlinzi akasema wameondoka alfajiri, gari lile jeupe la kina mama, wamebeba maji na matufaa.

Nimepiga simu. Haipatikani. Kule hakuna mnara, anasema mlinzi, mpaka warudi barabara kuu. Nimepiga. Nimepiga. Nimemwandikia meseji: MAMA, WENCES YUPO KWETU. RUDINI. Imebaki na alama moja, haijamfikia.

Kama Leobardo asingeiua ile ya kwanza, ingemaliza Ijumaa. Sikumwambia. Alihesabu mwenyewe, nilimwona midomo ikicheza. Kisha akavaa koti akapanda ghorofani kwa miguu yake. Akarudi. Mkurugenzi kasema hakuna anayezungumza mpaka sherehe ya kesho iishe. Hotuba imeshachapwa.

Polisi nimewapigia. Wameniambia ningoje.


Jumatano, 10 Mei

Naandika nimekaa kwenye ndoo ya Mama Wences. Nimemwomba mlinzi akate mnyororo.

Hawakurudi jana. Kwa Mama Wences nimepita asubuhi. Binti yake amekaa mlangoni na simu mbili magotini, hata hakunisalimu. Meseji yangu bado ina alama moja.

Maandamano yamefika. Kina mama wengine, na baba wachache, picha za watoto wao zimechapwa kwenye fulana, kifuani. Hawapigi kelele mwaka huu. Habari imeshazunguka kwamba gari halijarudi. Wametandaza viti, Mkurugenzi anapima kipaza sauti. Moja mbili. Moja mbili. Kuna maua mekundu kwa kila mama, yamefungwa nailoni.

Leobardo kaja kusimama kando yangu. Hajanyoa. Ameshika bahasha, ndani ni majina yote, amechapa mwenyewe, anasema atayasoma kipazani wamkamate wakitaka. Sijui kama atayasoma. Namjua. Labda atayasoma.

Akaniuliza, "Walikwenda wangapi?"

"Usiniulize wangapi," nikamwambia. "Niulize nani."

Akauliza nani. Nikamtajia. Mama Dulce. Mama Toño. Mama Brisa. Mama Wences. Akayarudia baada yangu, polepole, moja moja, kama anajifunza kusoma.

Mkurugenzi ameanza. Kina mama wapendwa, anasema. Maabara yenu imekamilisha kazi yote bila hitilafu, anasema.

Gari! Gari jeupe limekunja kona ya duka la matairi. Lao. Linakuja taratibu mno, tairi moja hakuna, ringi tupu inakwangua lami. Kioo cha nyuma hakuna, kimezibwa na blanketi. Watu wameinuka vitini. Mkurugenzi anasema tafadhali tukae. Hakuna anayekaa.

Leobardo ameiacha bahasha ikaanguka. Nimeiokota mimi. Jina lake nimeliona, liko juu kabisa, Wenceslao.

Limesimama upande wa pili wa barabara. Mlango wa pembeni umefunguliwa.

Ameshuka Mama Dulce. Hana kiatu kimoja.

Ameshuka Mama Toño. Anashikwa.

Ameshuka Mama Brisa. Ana nondo mbili. Moja ina mpira wa buluu.

Mlango bado uko wazi. Namngoja Mama Wences. Namngoja kwa jina lake, Hermelinda Murillo